Akiba Haiozi? Lugha na Elimu ya Kuhifadhi Chakula Katika Nchi ya Majani Chai

Wahenga waliotuachia methali kwamba akiba haiozi hawakuwa wakulima wa Belgut. Kila mmoja wetu aliwahi kuiandikia insha methali hiyo akiwa katika shule ya upili, na aghalabu tulimsifu mtu aliyeweka madebe ya mahindi ghalani akaja kuokoka wakati wa njaa. Hatukuulizwa mahindi yale yalikuwa makavu kiasi gani. Katika nchi ya majani chai, yaani Kericho na Bomet, akiba huoza. Huoza darini, huoza katika gunia lililoegemezwa ukutani, na mara nyingine huoza pasipo kumwonyesha mwenyewe dalili yoyote.

Nadai katika makala haya kwamba elimu ya kuwafunza wananchi namna ya kuhifadhi chakula nyumbani kwa usalama imekuwa ikikwama katika maeneo haya kwa sababu ya lugha zaidi kuliko kwa sababu ya ukaidi wa wananchi wenyewe. Nadai vilevile kwamba kazi ya kuikwamua inatuhusu sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, ijapokuwa tumezoea kuiona kuwa kazi ya maafisa wa kilimo na wauguzi. Najua wapo watakaouliza mwanafunzi wa fasihi anatafuta nini ghalani. Nitawajibu papo hapo katika kueleza.

Tuanze na mvua, maana ndiyo chanzo cha neema na cha mashaka. Mchai hupenda mvua iliyogawanyika mwaka mzima, na ndiyo sababu mashamba makubwa yalipandwa Kericho tangu miaka ya 1920. Mahindi nayo hutaka jua yakiisha kukomaa. Mkulima mdogo wa Bureti au Konoin, aliye na ekari moja, huigawa ardhi yake baina ya mazao haya mawili yasiyopatana: sehemu ya majani chai, sehemu ya mahindi, na kando yake ng'ombe mmoja au wawili. Mvua inayomjazia kikapu cha majani ndiyo inayomlowesha mahindi yakiwa bado shambani. Wataalamu husema mahindi hayafai kuhifadhiwa kabla unyevu wake haujashuka hadi asilimia 13.5. Ukipita nyuma ya nyumba nyingi wakati wa mavuno utayaona mahindi yameanikwa juu ya turubai, na mtoto amewekwa kuyalinda, si dhidi ya kuku tu bali dhidi ya wingu. Upande wa chini, Chepalungu na sehemu za Sotik, jua lipo zaidi, lakini huko nako mavuno hayana uhakika. Ni Longisa, katika Bomet, ambako ugonjwa hatari wa virusi unaoua mahindi shambani uliripotiwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mnamo Septemba 2011. Mtu aliyevuna kidogo baada ya mkosi kama huo hawezi kuambiwa kwa wepesi atupe hata punje moja.

Hatari yenyewe ni ipi? Msomaji atakumbuka maafa ya mwaka wa 2004 katika Makueni, Kitui na wilaya jirani. Watu 317 waliripotiwa kuugua na 125 kati yao wakafa baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu. Uchunguzi uliofanywa ulionyesha kwamba miongoni mwa mambo yaliyowatenga waliougua na wasiougua ni mahali na namna ya kuhifadhi: mahindi yaliyowekwa yakiwa na majimaji, ndani ya nyumba badala ya ghalani. Kuvu hizo hutoa sumu ambayo Watanzania huiita sumukuvu. Haionekani, haina ladha, na wala haiondoki kwa kupikwa. Sheria yetu ya viwango hairuhusu zaidi ya sehemu 10 za sumu hiyo katika kila sehemu bilioni za unga. Ikizidi sana huua kwa kuharibu ini kwa siku chache. Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, husababisha saratani ya ini, na imehusishwa na kudumaa kwa watoto. Tangu wakati huo jambo hili limetuzukia tena na tena: Novemba 2019 Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini lilisimamisha uuzaji wa aina 5 za unga wa mahindi, na Machi 2021 serikali ikazuia kwa siku chache mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo. Habari hizo zilitufikia magazetini, nasi tukasoma tukalaani wenye viwanda. Walakini sehemu kubwa ya mahindi yanayoliwa Kericho na Bomet hayajawahi kuingia kiwandani. Yanatoka shambani hadi darini, na kutoka darini hadi kinu cha kijiji.

Kuna mzunguko mwingine ambao huzungumzwa kwa nadra. Mama anapochambua mahindi yake huyatenga yaliyooza, na hapo amefanya jambo jema. Lakini yaliyotengwa hayatupwi. Hupewa ng'ombe, ama hupelekwa kwa mpika pombe. Ng'ombe akila sumukuvu, sehemu yake hugeuka mwilini mwake na kutoka katika maziwa, na kuyachemsha maziwa hakuiondoi. Kwa hiyo punje iliyokataliwa mlangoni huingia kupitia dirishani, na huenda ikaishia ndani ya kibuyu cha mursik.

Nimelitaja jina ambalo Mkipsigis yeyote atalipigania. Mursik si maziwa ya mgando tu. Kibuyu, yaani sotet, husuguliwa kwa ufagio wa ukuti uitwao sosiot, kisha kijinga cha mti wa senetwet husagwa ndani yake kikiwa bado na moto mpaka kuta zake zivae masizi. Ndipo maziwa hutiwa, hufunikwa, na kuachwa kwa siku kadhaa. Yakitoka yana rangi ya kijivu, harufu ya moshi na ukali ambao mgeni huukunjia uso mara ya kwanza na kuuomba mara ya pili. Ndiyo wanayonyweshwa wanariadha wetu wanaposhuka kwenye ndege na nishani shingoni. Kabla ya majokofu, huo ndio uliokuwa ujuzi wa kuhifadhi maziwa, na ulikuwa ujuzi kamili, wenye vifaa vyake, istilahi zake na miiko yake.

Sasa, mwaka wa 2002 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha taarifa fupi ya madaktari juu ya saratani ya umio miongoni mwa vijana katika wilaya ya Bomet. Hospitali ya Tenwek imekuwa ikiwapokea wagonjwa hao kwa miongo mingi; watu wasioweza tena kumeza ugali, na baadhi yao hawajafikisha hata miaka thelathini. Mnamo 2013 watafiti wengine wakachapisha matokeo ya kupima mursik ya magharibi mwa Kenya, wakasema wameikuta na alkoholi kidogo pamoja na asetaldihaidi, kemikali inayojulikana kuchangia saratani, na kwamba huenda ikawa mojawapo ya visababishi. Huenda. Neno hilo dogo ndilo linalopotea kila habari hii inapohamishwa kutoka jarida hadi redio, na kutoka redio hadi sokoni. Mwaka wa 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vinywaji vinavyonywewa vikiwa na moto wa kupita nyuzi 65 navyo pengine husababisha saratani ya umio. Sijasikia bado mtu akisimama katika baraza Kericho kuwaambia watu waache chai! Haki ingetaka tuziseme shuku hizi zote kwa uzito ule ule, na tuseme waziwazi lililothibitishwa na lisilothibitishwa. Kuichagua mursik peke yake kwa sababu ni kitu cha kienyeji ni dharau, na dharau hiyo husikika hata isipotamkwa.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Miaka michache iliyopita nilihudhuria mafunzo ya siku moja katika uwanja wa shule ya msingi huko Bomet. Shirika lililoyaandaa sitalitaja, kwa kuwa nia yake ilikuwa njema na kasoro zake ni za mashirika mengi. Tuligawiwa karatasi zilizoandikwa kwa Kiswahili ambacho bila shaka kilitafsiriwa kutoka Kiingereza. Sentensi ya kwanza ilituonya tusile mahindi yenye ukungu. Mwezeshaji alipoisoma kwa sauti, bibi kizee mmoja aliyeketi mbele, ambaye vijana walimwita Kogo kwa heshima, aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, hapa kwetu ukungu hutuamkia kila siku. Tungoje hadi saa ngapi ndipo tuyaanue mahindi?" Watu wakacheka. Mwezeshaji naye akacheka, akaendelea na sentensi ya pili. Kogo hakujibiwa.

Mimi sikuona kichekesho. Kamusi zetu zote huliorodhesha neno ukungu kwa maana zote mbili, ule mvuke mzito unaotanda mashambani alfajiri na ile hali ya chakula kuota vitu kama pamba. Kwa mtu wa pwani muktadha hutosha kumwongoza. Kwa mtu wa Kericho, ambaye ukungu wa kwanza ndio anaotembea ndani yake kila asubuhi akienda kuchuma chai, maana ya pili haipo kabisa. Aliyetafsiri hakukosea kwa mujibu wa kamusi. Alikosea kwa mujibu wa kilima kile. Lau angeketi na Kogo kwa dakika tano kabla ya kupiga chapa karatasi elfu moja, angeandika kuvu na kuifafanua kwa rangi zake, kijani, manjano na nyeusi, au angetumia jina la Kikipsigis lenyewe na kuliweka kando ya lile la Kiswahili.

Ukurasa wa pili ulikuwa na jambo zito zaidi. Uliandikwa: usitumie chakula kilichochacha. Mama aliyekuwa kando yangu alimnong'oneza mwenzake, "Kumbe wametujia kwa ajili ya mursik." Kuanzia hapo walikunja mikono yao, na hakuna lililosemwa baadaye lililoingia. Tulitazame neno lenyewe. Kuchacha, katika Kiswahili, ni kugeuka ukali kwa kukaa. Aghalabu husemwa kwa wali au mchuzi uliolala na kuharibika. Lakini tuna pia kuchachuka, kuchachua na kuchachusha, na tuna chachu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayesoma mnyambuliko wa vitenzi huyaandika haya katika jedwali, akapata alama zake, akasahau. Ilhali tofauti iliyomo katika jedwali hilo ndiyo tofauti anayoijua mama wa Bomet kwa pua na ulimi wake: chakula kinachochacha hujichachia chenyewe kwa kuachwa, na maziwa yanayochachushwa huchachushwa na mtu, kwa makusudi, ndani ya chombo kilichotayarishwa. Kauli ya kutendesha inamleta mtendaji. Sentensi iliyotofautisha baina ya hayo mawili ingempa mama yule heshima ya mjuzi, na baada ya heshima hiyo angekuwa tayari kusikia kwamba maziwa yachemshwe kabla ya kutiwa kibuyuni, kwa kuwa uchachu peke yake hautoshi kuua vijidudu vya homa ya maziwa, ile iitwayo na matabibu bruselosi. Wengi siku hizi huyachemsha tayari. Tungewaanzia hao.

Neno dawa nalo lina kesi yake. Mkulima anaponunua unga wa kuchanganya na mahindi huuita dawa ya mahindi, na amekwisha kufundishwa kwamba ukitia dawa, mahindi hayaharibiki. Dawa hiyo huua fukusi. Haikaushi, wala haizuii kuvu. Mahindi mabichi yaliyotiwa dawa huoza pamoja na dawa yake. Nimesikia mafunzo yakirudia neno hilo mara kumi bila ya mtu kusema ni dawa ya nini, kana kwamba ugonjwa ni mmoja. Na neno sumu je? Mtu akiambiwa unga wake una sumu, jambo la kwanza analouliza ni nani aliyeitia. Sumu katika masikio ya watu wengi ni kitendo cha adui. Hapa Watanzania wametutangulia kwa hatua nzuri. Baada ya mlipuko wa mwaka wa 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, neno sumukuvu lilishika katika matangazo, katika mikutano ya vijiji na hata katika jina la mradi wa kitaifa wa kuidhibiti. Ni mwambatano mfupi unaomtaja mhalifu ndani ya jina lake. Huku kwetu bado tunasoma aflatoksini, na mtangazaji hulitamka kwa namna tatu katika taarifa moja ya habari.

Lakini ugumu mkubwa kuliko yote umo katika neno ambalo kila mtu hudhani analielewa, nalo ni kavu. Asilimia 13.5 ni tarakimu tupu kwa mtu asiye na kipimo. Wazee hupima kwa kuuma punje, au kwa kutia mkono guniani na kusikiliza mlio. Si njia za kudharauliwa, ila hazitoshi pale ambapo hewa yenyewe ina majimaji. Ipo njia rahisi inayofundishwa na wataalamu wa nafaka, nayo yapasa kujulikana na kila nyumba. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa na yenye kifuniko. Tia mahindi kiasi cha theluthi ya chupa, tia kiganja cha chumvi kavu, funga, tikisa kwa nguvu, kisha uiache itulie kwa robo saa. Chumvi ikigandamana na kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu unaozidi asilimia 15. Yarudishe juani. Isipogandamana, yamekaribia, na siku moja au mbili zaidi za jua zitayamalizia. Mimi huiona chupa hiyo kuwa tafsiri bora kuliko zote nilizowahi kuzisoma, maana imehamisha tarakimu kutoka maabara hadi jikoni bila ya kupoteza maana njiani. Mengine ni mepesi baada ya hapo: kuanika juu ya turubai na si juu ya udongo mtupu, kupukuchua yakiwa makavu, kuweka gunia juu ya mbao na mbali na ukuta, au kutumia mifuko ile isiyopitisha hewa kwa aliye na uwezo.

Huenda msomaji akauliza, ikiwa Wakipsigis wanajua lugha yao, kwa nini tusiwafundishe kwa Kikipsigis tukamaliza? Swali ni la haki. Redio za Kikalenjin kama vile Kass FM husikika katika maboma mengi, na pale wasikilizaji wote ni wa lugha moja hapana lugha iwezayo kuzipiku. Hata hivyo, nchi ya majani chai haikai watu wa lugha moja. Katika kambi za mashamba makubwa mlango wa Mkipsigis hutazamana na wa Mkisii, wa tatu ni wa Mluhya, wa nne wa Mjaluo. Wanagawana bomba la maji, kinu na duka. Huyu ameleta karanga kutoka kwao, yule ameleta omena zilizokaushwa, na karanga zisizokaushwa vizuri nazo hushikwa na sumukuvu kama mahindi. Lugha yao ya bombani ni Kiswahili, na ndicho Kiswahili walichojifunzia kazi, mapenzi na ugomvi. Mafunzo yakiendeshwa kwa Kiingereza huwafikia makarani peke yao, yakiendeshwa kwa Kikipsigis huwaacha majirani nje. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na hapo hapo ikalitaka taifa liziendeleze lugha za wananchi. Mimi sioni mgongano. Kiswahili ninachokitaka kwa kazi hii ni kile kinachoazima kutoka kwa jirani yake bila haya: kitakachosema sotet na senetwet kama kinavyosema tayari omena na mursik.

Elimu ya namna hii si ngeni duniani wala si ngeni kwetu. Mwaka wa 1910 mwalimu mmoja wa Carolina Kusini, Marekani, aitwaye Marie Cromer, aliwakusanya wasichana wa vijijini, kila mmoja akapewa kulima nyanya katika sehemu ya kumi ya ekari, kisha wakafundishwa kuzihifadhi katika mikebe. Vyama kama hivyo vilienea, mwaka wa 1914 sheria ikapitishwa kuviunganisha vyuo vikuu na wakulima, na kutoka humo vikakua vilabu vya vijana vinavyojulikana kama 4-H. Mfano huo ulivuka bahari. Kenya ilianzisha vilabu vya 4K mwaka wa 1962, na jina lake likapatikana kwa Kiswahili safi: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Vilizorota, vikafufuliwa mwaka wa 2021. Maendeleo ya Wanawake, iliyoanzishwa mwaka wa 1952, nayo ilibeba jina la Kiswahili na mafunzo ya upishi na usafi wa nyumba. Inashangaza kidogo. Kila tulipotaka wananchi waungane tuliwaita kwa Kiswahili, na walipokwisha kukusanyika tukawagawia vitabu vya Kiingereza.

Na sasa nimjibu yule aliyeuliza juu ya ghala. Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopata hati yake mwaka wa 2013, kimesimama mahali palipokuwa na chuo cha mafunzo ya wakulima. Mahali ambapo akina mama na akina baba walikuja kufundishwa kilimo na mambo ya nyumbani, leo pana mihadhara ya fonolojia na nadharia za uhakiki. Sisemi mihadhara hiyo ifutwe. Nasema tu kwamba mkulima hakwenda mbali, angali ng'ambo ya ua, na anayeweza kuandika tasnifu juu ya upatanisho wa kisarufi anaweza pia kukaa naye alasiri moja akajua anaitaje punje iliyooza.

Fasihi yetu nayo ina mkono katika jambo hili tangu zamani. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia binti yake utendi mwaka wa 1858, alikuwa akifanya elimu ya nyumbani kwa utungo, na utungo huo umedumu kuliko karatasi yoyote ya mafunzo. Yaliyomo ni ya zama zake, na wengi wetu tumeyahoji vilivyo darasani. Ila njia yake, ya mama kumsemesha binti kwa jina la upendo na kwa mizani inayokumbukika, haijachakaa. Karibu zaidi na wakati wetu, Penina Muhando Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliipeleka sanaa ya maonyesho kijijini Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka wa 1991 akachapisha kitabu juu ya uzoefu wa aina hiyo. Jambo la kuzingatia pale ni kwamba wanakijiji wenyewe ndio waliosema tatizo lao ni nini, kisha wakaliigiza na kulijadili. Linganisha na michezo tunayoiona ikifadhiliwa siku hizi, ambamo mtu mkaidi hukataa ushauri katika onyesho la kwanza, huugua katika la pili, na katika la tatu huzikwa huku afisa akihutubia. Watazamaji hupiga makofi, hunywa soda, hurudi nyumbani na mahindi yao yale yale. Mchezo unaoanza na swali la Kogo juu ya ukungu ungewachekesha kwanza, na baada ya kicheko wangejadiliana wenyewe kwa wenyewe.

Napendekeza basi jambo dogo linaloweza kuanza likizo ijayo bila kungoja mfadhili. Wanachama wetu wanaotoka Kericho, Bomet na kwingineko wakusanye maneno ya kuhifadhi chakula kutoka kwa mama na nyanya zao: ya nafaka, ya maziwa, ya mboga zinazoanikwa, ya nyama na samaki. Pwani tuna ng'onda, tuna makopa, tuna samli na achari, na mengi ya maneno haya mwanafunzi wa bara huyajua kwa mtihani tu. Wahadhiri wa tafsiri wawape wanafunzi karatasi moja ya kweli ya mafunzo ya afya badala ya aya iliyokatwa kutoka gazeti, na alama zitolewe baada ya karatasi hiyo kusomwa mbele ya watu watano ambao hawajawahi kuingia chuoni, wakaulizwa wameelewa nini. Najua itachelewesha matokeo. Najua pia msimamizi wa mitihani hatapenda.

Mimi mwenyewe nimeanza orodha. Lipo neno moja linalonisumbua tangu siku ile ya mafunzo, nalo ni jina la punje ya hindi ambayo kwa nje ni nzima, inang'aa, na ndani imeshikwa na kuvu. Sijalipata katika kamusi. Msomaji anayelijua, liwe la Lamu, la Sotik au la Busia, na aliandike katika kipande cha karatasi pamoja na jina la mahali alipolisikia, alilete katika ofisi ya chama.